Gereji ya Baba, Mlango wa Mama

Jumamosi, 1 Juni 2024

Nimenunua daftari kubwa, na ukurasa wa kwanza nimeandika: Nyumba ya Mama. Nitaandika humu kila hatua, gharama na makosa. Tulipojenga uzio tuliweka kila kitu kichwani, na hadi leo hakuna anayejua uliishia shilingi ngapi.

Marehemu Baba alikuwa dereva wa serikali. Alikuja Dodoma baada ya ule uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, akapata kiwanja kilichopimwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, hapa Area C, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Kabla hajaipaka hata rangi akajenga gereji pembeni yake, mdomo ukitazama magharibi, kwenye geti. Ndani alichimba shimo la kusimama mtu chini ya gari, na Jumapili baada ya kanisa majirani walipanga foleni na Peugeot zao. Tangu afariki hapajaingia gari. Pameingia matairi, betri zilizokufa, milango ya zamani, magunia, kuku.

Mama naye alirudi kwao Mvumi, akatuachia nyumba kubwa mimi, mume wangu na watoto. Sasa magoti yamemchosha. Kila siku ya kliniki anapanda basi kuja Hospitali ya Benjamin Mkapa na kurudi jioni hiyohiyo, miguu imevimba. Miaka miwili tumemsihi ahamie kwetu, na jibu lake halibadiliki: "Nyumba ile niliwaachia kwa moyo mmoja. Sirudi kuwa mgeni sebuleni. Nikija, nataka mlango wangu." Namwelewa. Mume wangu ni mkwewe, na kwa malezi tuliyolelewa mama na mkwe wake hawapishani mlango wa bafu asubuhi.

Gereji ina mita 6.2 kwa 5.4, yaani mita za mraba 33 na kidogo. Leo saa tisa alasiri niliweka kipimajoto ndani: nyuzi 31. Nje, chini ya mwarobaini, zilikuwa 26. Na huu ni Juni, mwezi wa baridi. Hiyo ndiyo namba nitakayopambana nayo. Mama amekulia kwenye tembe, anaijua nyumba inayopoa, hatadanganywa na marumaru za kung'aa.

Jumatano, 5 Juni

Ofisi za jiji. Wengi hudhani kwa kuwa kuta zipo, kibali hakihitajiki. Lakini kugeuza banda la gari kuwa makazi ni kubadili matumizi ya jengo, na choo kipya kinaongeza mzigo kwenye shimo la maji taka. Mchora ramani ametuchorea chumba kimoja, bafu lenye choo, sehemu ya kukaa na kupikia, na baraza. Fomu zimepokelewa. Tunasubiri.

Jumamosi, 22 Juni

Kibali kilitoka Alhamisi. Leo tumeshusha paa, na hii ndiyo siku niliyoiogopa kuliko zote.

Paa la Baba halikuwa la bati. Ni yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yenye saruji ndani yake, ambayo yalikuwa kitu cha kawaida miaka hiyo: asbesto. Yakiwa mazima na yametulia hayana neno kubwa. Hatari iko yakivunjwa, yakikatwa au yakitobolewa, maana nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zinaelea hewani, ukizivuta zinabaki kwenye mapafu. Ugonjwa wake hauji kesho. Unakuja baada ya miaka 20, 30, hata 40, ndiyo maana ukiwaambia watu wanakuona una woga. Vibarua wawili waliokuja kuitazama kazi wiki iliyopita walisema wataimaliza kwa nyundo kabla ya chai. Niliwashukuru, nikatafuta wengine.

Watoto walikwenda kwa shangazi yao Kisasa tangu jana. Mafundi walivaa ovaroli na barakoa ngumu za kuchuja vumbi laini, zinazobana uso, kwa sababu ya kitambaa haizuii kitu hapa. Mabamba yaliloweshwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa mpira wa bustani, taratibu. Skrubu zikafunguliwa mojamoja, zilizoganda kwa kutu zikakatwa kwa koleo bila kuligusa bamba. Kila lililoshuka lilipokewa na watu wawili, likalazwa juu ya nailoni nzito, likafungwa mara mbili na kuandikwa. Hakuna kilichotupwa chini kutoka juu. Hakuna aliyefagia pakavu. Tulipangusa kwa matambara mabichi, na matambara yakaingia kwenye nailoni hiyohiyo. Mabamba 24, mawili tu yalipasuka. Afisa mazingira alishatuelekeza yapelekwe wapi yakafukiwe, na lori liliondoka limefunikwa turubai.

Jioni akaja jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, kuniomba mabamba kumi ya banda la kuku. Nilimpa kiti nikamweleza. "Mwanangu, tumelala chini ya hayo miaka arobaini," akasema, na ni kweli. Nilimwambia kulala chini yake siyo kuyapiga misumari. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama naweza kwenda kumtazamia paa la jiko lake. Tutakwenda pamoja kesho. Nimemwahidi mabati yetu mapya yakibaki vipande, ni vyake.

Jumamosi, 6 Julai

Sakafu. Nilitaka kuiokoa. Kona moja niliisugua mara tatu kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Ikilowa inapendeza, ikikauka doa linarudi palepale. Zege hunywa oili kama sifongo, na oili iliyozama miaka na miaka haitoki kwa brashi. Gundi ya marumaru haishiki juu yake. Zaidi ya hapo, sakafu ilikuwa chini ya uwanja kwa sentimita kumi. Uwanja ndio umepanda, kwa mchanga unaoletwa na upepo na maji ya mvua, kwa hiyo kila masika gereji ilikuwa bwawa.

Tumevunja jamvi lote, yaani zege la sakafu. Sururu, nyundo, toroli, siku tatu. Udongo uliolowa oili tumeuchimba hadi sentimita 30 na kuuondoa. Harufu ya gereji ya Baba, ambayo niliijua tangu nikiwa darasa la kwanza, imeondoka nayo. Nilisimama pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 13 Julai

Shimo la Baba lina urefu wa mita 3.5, upana sentimita 80, kina mita 1.4. Karibu mita 4 za ujazo. Nilikuwa na ndoto ya kuligeuza tangi la maji chini ya nyumba. Fundi wetu wa ujenzi alishuka, akakwangua ukuta kwa mwiko, akaninyooshea ninuse: oili. "Mwalimu, haya yatakuwa maji ya kumwagilia maua. Na Mama utamlaza juu ya unyevu, mwenye magoti?" Ndoto ikaishia hapo.

Kabla hatujafukia, niliuona ukuta wa ndani kwa tochi. Baba alikuwa ameandika kwa chaki ya mafuta: namba za magari ya watu, na mbele yake kilomita na neno "oili". Gari la mwisho: 84,310. Nimepiga picha.

Tumefukia kwa tabaka za sentimita 15: moramu (udongo wa changarawe), maji, kushindilia, halafu nyingine. Tabaka tisa kwa siku nne. Vibarua walilalamika, Fundi hakusogea. Shimo likijazwa kwa pupa, mwaka kesho sakafu inashuka na ufa unafuata umbo la shimo lenyewe. Aliwakumbusha vijana kwamba jina la mji huu wazee wanalitoa kwenye neno la Kigogo, idodomya, imezama, kwa ajili ya tembo aliyedidimia kwenye tope. Baada ya hapo walishindilia bila maneno.

Jumamosi, 27 Julai

Mdogo wangu amefika kwa treni ya SGR, ambayo imeanza safari za kuja Dodoma Alhamisi hii. Ametoka Dar asubuhi, amekula nasi ugali wa mchana. Yeye kazi yake ni aluminiamu na vioo, na mchango wake kwa nyumba ya Mama ni madirisha yote. Alikuja na mchoro kwenye simu: mdomo wa gereji, mita 2.6, kioo kitupu kutoka sakafuni hadi juu. Unapendeza kweli. Nyumba za namna hiyo ndizo zinazojengwa sasa Iyumbu na Ilazo.

Mama alikuwapo, alilala kwetu baada ya kliniki. Aliutazama mchoro bila neno. Saa kumi jioni akachukua kigoda, akakiweka kwenye mdomo wa gereji, akakaa akitazama geti. Akatuita. "Kaeni hapa na mimi." Tukakaa, mimi, mdogo wangu na Fundi. Jua lilitupiga usoni, magotini, kifuani. Baada ya dakika kumi mdogo wangu alisogea kivulini mwenyewe.

"Hili ndilo mnataka niishi nalo ndani?" Mama akauliza, bila ukali.

Kisha akaanza kutuambia tembe lao lilivyokuwa, nami naandika alivyosema. Kuta nene za fito na udongo, paa bapa la miti iliyopangwa na kumwagiwa udongo juu, kimo chake kifupi kiasi cha kuinama mlangoni. Joto la mchana lilichoka ukutani kabla halijafika ndani. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa huku unapokata mifupa, ukuta uleule ulikuwa bado una uvuguvugu. Hakulipamba. Alisema lilikuwa giza, lilijaa moshi, na masika paa lilivuja hadi wakahamisha vitanda. Lakini hakuwahi kukosa usingizi kwa joto hadi alipoolewa akalala chini ya bati.

Kwa hiyo tumeamua, wote wanne, palepale. Mdomo wa magharibi utazibwa kwa tofali za kuchoma, ukuta wa inchi 9, wenye mlango wa sentimita 90 na dirisha moja dogo la kuonea geti. Mbele yake baraza la mita 2. Madirisha makubwa mawili ya mdogo wangu yatakaa kaskazini na kusini, yakitazamana, kwa sababu huku kwetu jua la pande hizo hupita juu na ukingo wa paa wa sentimita 60 unatosha kulizuia mchana. Mashariki, upepo unakotoka na vumbi lake, dirisha dogo lenye raba. Mdogo wangu alifuta mchoro wake wa kwanza mbele ya Mama. Nimempenda sana leo.

Jumamosi, 10 Agosti

Kosa hili ni langu, naliandika lilivyo.

Lori la kokoto lilitakiwa Alhamisi asubuhi. Ilikuwa Nanenane, barabara ya Nzuguni imejaa watu wa maonyesho, kokoto zikafika jioni jua likizama. Fundi alishauri tusubiri Jumamosi alfajiri. Mimi nilikuwa nimeshalipia mashine ya kukoroga zege na vibarua wanane kwa Ijumaa, nikaona hasara. Tukamwaga jamvi Ijumaa kuanzia saa tano. Sentimita 10 juu ya mawe, moramu na nailoni, wavu wa chuma wa BRC katikati, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), saruji mifuko 22 kwa shilingi 16,000 mfuko. Zege lenyewe lilikuwa zuri.

Kisha upepo wa Agosti ukaanza. Anayeishi Dodoma anaujua: mkavu, haupumziki, na hapakuwa na paa wala kivuli. Uso wa zege ulikauka kabla tumbo lake halijaanza kushika, na kufikia saa kumi ulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Tulifunika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu, lakini tulifunika tumechelewa. Kwenye hali ya hewa kama hii zege hufunikwa lile eneo lililokamilika wakati mengine bado yanamwagwa, na humwagwa alfajiri.

Leo Fundi amechokonoa nyufa kwa tindo sehemu sita. Kina chake ni milimita mbili, tatu. Haziendi chini. Zitajazwa uji wa saruji kabla ya marumaru, na jamvi litamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba kamili. Wiki hii ni mgao, bombani hakuna kitu, nimenunua boza moja. Nimemwomba Fundi radhi. Alisema tu, "Marahaba," kana kwamba nimemwamkia, na tukaendelea na kazi.

Jumamosi, 31 Agosti

Kuta. Zile za zamani ni tofali za saruji za inchi 5, hazina mkanda wa zege juu. Dodoma iko ubavuni mwa Bonde la Ufa na ardhi hututikisa mara kwa mara. Kona mbili za gereji zilishafunguka nyufa za ngazi. Tumeshusha kozi mbili za juu pande zote, tukamwaga linta ya kuzunguka nyumba nzima: nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Safari hii alfajiri, na magunia yameloweshwa tangu usiku.

Ukuta wa magharibi umesimama. Tofali za kuchoma zililala kwenye pipa la maji kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji ukabaki unga. Fundi alipima kwa timazi kila kozi ya tatu. Watoto wameambiwa wasiuegemee. Wanakwenda kuugusa hata hivyo.

Jumamosi, 14 Septemba

Kenchi zimepigwa kwa mbao zilizotiwa dawa, na misingi ya kuta imenyunyiziwa dawa ya mchwa. Mbao za zamani ukizigonga zilitoa sauti ya debe tupu; mchwa walibakiza ngozi tu.

Mabati yaliletwa Jumanne. Niliagiza geji 28 rangi ya maziwa. Fundi aliinua moja kwa mikono miwili, akalitikisa, akalirudisha kwenye gari. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na hili lilikuwa 30. Duka lilisema ni makosa ya kupakia. Tuliyarudisha yote, ya pili yakaja Ijumaa, nayo Fundi aliyapima mojamoja kabla gari halijaondoka. Mwenye kujenga asione aibu kuhesabu na kupima mbele ya dereva.

Rangi ya maziwa siyo kwa urembo. Bati jeupe hurudisha jua jingi kuliko la kijani au la maruni. Chini yake kuna karatasi ya foili iliyoachiwa nafasi ya hewa, na ncha mbili za paa zina matundu yenye wavu ili joto la darini litoke. Dari la jipsamu litakaa mita 2.8 kutoka sakafuni. Hayo yote kwa pamoja yamegharimu chini ya kiyoyozi na umeme wake wa mwaka mmoja, na hayaniombi kununua umeme wa LUKU.

Jumamosi, 28 Septemba

Mabomba na nyaya. Bomba la choo la inchi 4 linasafiri mita 12 hadi kwenye shimo la zamani, na limeshuka sentimita 30 njiani, na chemba moja kwenye kona. Fundi umeme ameweka laini ya soketi peke yake na ya taa peke yake, na waya wa ardhi umepimwa. Soketi zote ziko juu, usawa wa mkono wa mtu aliyesimama, Mama asiiname.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku hizi jua liko utosini kabisa. Saa sita na nusu mwarobaini hauna kivuli ila chini ya shina lake. Mwezi huu ndio nilioungoja kupima.

Saa tisa alasiri: nje nyuzi 33. Ndani, madirisha ya kaskazini na kusini wazi, dari limefungwa, lipu imekauka: nyuzi 28. Nilirudia saa kumi na moja: nje 31, ndani 28. Ukuta wa magharibi nje unaunguza kiganja, ndani ni wa baridi. Nilimpigia Mama simu nikamsomea namba. Akasema namba hazijui, ila akauliza: "Ukikaa, jasho linakutoka?" Halitoki. "Basi."

Kitu kimoja bado hakijakaa sawa. Baraza la mita 2 linazuia jua hadi saa kumi; baada ya hapo jua huinama na kupita chini ya paa hadi mlangoni. Tumevuta waya tatu kwenye nguzo za baraza na kupanda miche minne ya zabibu. Mji huu wa zabibu utuzalie pazia pia. Kwa mwaka wa kwanza litakuwa turubai.

Jumamosi, 2 Novemba

Mama amekuja kukagua. Nilikuwa na wasiwasi kama siku ya mtihani wa darasa la saba.

Alipanda njia ya mteremko polepole. Sakafu mpya iko sentimita 20 juu ya uwanja ili maji yasirudi, na ngazi hataki, kwa hiyo njia ina urefu wa mita 2.4, sentimita moja juu kwa kila 12 za kwenda mbele. Alipanda, akashuka, akapanda tena bila fimbo. Bafuni alishika bomba la chuma ukutani akalivuta kwa nguvu zote. Aliuliza kwa nini mlango wa bafu unafungukia nje. Nilimjibu ukweli: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake unauzuia na hamuwezi kumfikia. Aliitikia kwa kichwa, akapita.

Kisha akasimama nje, akalitazama paa. "Mlenda wangu nitauanika wapi?"

Hatukuwa tumewaza. Paa la tembe ni bapa, ndiko wanakoanika mtama, mboga, kila kitu, mbali na mbuzi na kuku. Sisi tumempa bati lenye mteremko. Na jiko: ndani tumeweka gesi ya vichomeo viwili, lakini ugali wa uwele na mlenda wake anautaka kwenye mkaa, na mkaa ndani ya nyumba ndogo ni sumu, hewa yake inaua usingizini. Fundi hakubishana. Alichora kwa kijiti mchangani: upande wa kaskazini, kibanda cha jiko cha mita mbili kwa moja na nusu, wazi pande mbili, na juu yake badala ya bati kichanja bapa cha mbao, kimo cha mita 1.3 upande wa nyuma, ambacho Mama atakifikia akiwa amesimama. Moshi utoke mbele, mboga zikauke nyuma. Mama akakichukua kile kijiti, akasogeza jiko hatua mbili kutoka dirishani. Ramani ikakubaliwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Amehamia. Kitanda, sanduku la chuma, vibuyu vitatu, redio, kinu. Wajomba walimsindikiza kutoka Mvumi, na uwanjani ilikuwa ni salamu za Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, hadi jioni. Mdogo wangu amefunga wavu wa mbu wa mwisho saa nane. Jirani yetu mzee alileta jogoo. Banda lake la kuku sasa lina mabati yetu ya rangi ya maziwa.

Jumla hadi leo: shilingi milioni 14 na laki tatu, bila madirisha. Makisio yangu ya Juni yalikuwa milioni 11. Palipovuka ni jamvi na linta, na kama ningerudia nisingepunguza hata nondo moja hapo.

Usiku nilimwona mume wangu amesimama dirishani kwetu, anaitazama taa ya baraza la mkwewe. Ilizimwa saa tatu na nusu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana usiku, karibu saa moja nzima. Paa na baraza ni kama mita za mraba 58, na kila milimita 10 za mvua juu yake ni lita 580. Asubuhi simtanki la lita 5,000 lilikuwa limefika alama yangu ya pili, yaani kama lita 1,000. Ya mwanzo kabisa tuliyaachia yakaoshe paa, maana vumbi la kiangazi lilikuwa juu. Gata la upande wa kaskazini linadondosha kwenye kiungo. Fundi bomba anakuja Jumatatu. Njia ya mteremko imekauka haraka, hakuna dimbwi. Mche mmoja wa zabibu umelala, nimeufunga kijiti. Nyufa za jamvi hazijajitokeza kwenye marumaru.

Saa kumi na mbili nilitoka na ndoo kwenda kutazama kama maji yameingia mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nilipiga hodi. Nilisikia kandambili zikivuta sakafuni, zikasimama.

"Nani?" Mama akauliza.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ngoja nivae kitenge."